Zablon Mayala, Fundi Baiskeli wa Chemchem, na Barua Iliyolala Miezi Saba

Ndugu waombolezaji, marehemu Zablon Mayala alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 kijijini Puge, wilaya ya Nzega, mtoto wa tatu wa Mzee Benjamini Mayala na Mama Katarina, akabatizwa katika Kanisa la Moravian, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1969 hadi 1975, na hakuendelea, si kwa ujinga, bali kwa sababu baba yake alikuwa na ng'ombe wengi kuliko watoto.

Tarehe 3 Februari 1986 alifungua kibanda cha ufundi baiskeli mtaani Chemchem, ambako alijulikana kwa jambo moja, kwamba hakumfungia mtu mnyororo uliokwishatumika bila kumwambia umetumika, hata kama mteja angemkimbia. Alifunga ndoa na Asnath tarehe 9 Septemba 1989, wakajaliwa watoto watatu, Levina, Renatus na Fikiri.

Tarehe 22 Agosti 2023, katika kambi ya madaktari wa moyo kwenye Hospitali ya Mtakuja, marehemu aliwekewa betri ya moyo, kile kifaa kinachopandikizwa kifuani kuufanya moyo upige sawasawa, yeye na wenzake kumi, betri zilizotolewa vifuani mwa wagonjwa wengine ughaibuni, zikasafishwa na kupimwa upya, jambo ambalo aliambiwa, akalikubali akicheka kwamba hata yeye anaishi kwa spea za mtumba. Alikubali mtumba, hakukubali kufichwa. Tarehe 11 Machi 2025 waliozitengeneza upya waliiandikia hospitali iwaite wote kumi na mmoja mara moja, kwa kuwa betri hizo zilionekana kuzima ghafla, na barua ikalala mezani kwa watu wenye akili timamu mpaka tarehe 17 Oktoba 2025, Zablon alipoanguka akiwa na pampu mkononi, akafariki wakati anavushwa barabara kupelekwa hospitali hiyohiyo, ambayo geti lake linatazamana na kibanda chake.

Hospitali imeieleza familia kwamba ilimtafuta, simu haikupatikana. Walinzi wa geti hilo walimwamkia shikamoo kila asubuhi, na mganga mkuu wao alizibiwa pancha hapo mwezi wa nane. Hata kipofu angempata kwa kufuata mlio wa nyundo.

Shada lao la maua limerudishwa, na aya waliyoomba isomwe, kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, haitasomwa, kwa kuwa Mama Asnath amekataa mumewe kuzikwa na uongo.

Familia inawashukuru majirani wa Chemchem, mafundi wenzake waliofunga vibanda siku tatu, na muuguzi mmoja, asiyetajwa asije akafukuzwa, aliyeileta nakala ya barua ile nyumbani. Madaktari hawashukuriwi leo. Yeyote aliyewekewa betri ya moyo Mtakuja mwezi Agosti 2023, au mwenye mzazi aliyewekewa, asiondoke makaburini kabla ya kuonana na Mama Asnath, aliyekaa mbele na nakala hiyo mkononi, maana wanne kati ya wale wenzake kumi hawajapatikana mpaka saa hii, na hospitali bado inapiga simu.

Zablon Mayala, pumzika kwa amani, wenzako tutawatafuta kwa miguu.