Vifungo vya Bluu Mfukoni mwa Fundi

Wasikilizaji wapendwa, jirani wa marehemu anasema alimwona kwa macho yake. Anasema alikuwa akipita nyuma ya ukumbi na gunia lake la mkaa, akachungulia dirisha la stoo, akamwona fundi wetu wa cherehani katia mkono ndani ya kopo la kura la madobi. Kopo la kikundi cha mdogo wake. Yuko peke yake, mlango umefungwa.

"Mimi sina ugomvi na marehemu," anasema jirani, "lakini mkono ulikuwa ndani. Sasa mtu anatia mkono koponi kutafuta nini, upepo?"

Leo tunamkumbuka fundi huyo. Wengi mlimwita Mama Vifungo. Kifua kilimbana akiwa amekaa kwenye cherehani yake, mguu bado uko kwenye pedali. Ameacha binti mmoja. Ameacha mdogo wake wa kike. Na ameacha maneno.

Mume wake aliuza cherehani yake ya kwanza bila kumwuliza. Mama Vifungo hakupiga kelele. Alishona kwa mkono, sare za shule nzima, mpaka akanunua nyingine, na hiyo akaifunga mnyororo kwenye mguu wa kitanda. Vipimo alichukua kwa jicho. Ukimbishia kuhusu kiuno chako, anakwambia, "Haya mama, tutaiuliza zipu."

Halafu ukaja mfuko wa wanawake. Mnaukumbuka mkutano ule. Mratibu wa mfuko alisimama akasema fedha ipo, lakini yeye hatachagua nani apewe. Mtachagua ninyi wenyewe mnaoomba. Wanawake wakatazamana. Nani anatoa hela halafu haamui? "Humo kuna ndoano," mmoja akasema. Mama Vifungo akajibu kutoka nyuma, "Ndoano ipo. Tutaanza kuangaliana vibaya."

Lakini ndiye aliyetupa njia. Kila kikundi kinasimama na kueleza shida yake kwa mdomo. Kisha kila mwanamke anapita nyuma ya pazia na kifungo kimoja, anakitia kwenye kopo la kikundi anachoona kinahitaji zaidi. Makopo yana picha. Beseni ni la madobi, wanaofua mashuka ya hospitali. Mlango ni la kina mama wanaokodi chumba cha kuwahifadhi wanawake wanaokimbia kipigo nyumbani. Na kila kikundi kina rangi yake ya kifungo. Madobi wana bluu. Kila kifungo kimepitishwa uzi mwekundu, mtu asije na kifungo cha nyumbani kwake.

Sheria ni moja. Hakuna kujipigia. Kikundi kikikutwa kimejipigia, kinatoka. Nasema tena: kinatoka.

Pazia alilishona yeye. Vifungo alivitunza yeye. Na makopo aliyafungua yeye, stoo, peke yake. Hakuna aliyeuliza. Tulimwamini, na tulikuwa tumechoka kukaa.

Safari hii madobi walishinda. Kina mama wa Mlango wakawa wa pili, nyuma yao kidogo tu. Jirani akasema aliyoyaona, mtaa ukasema fundi kamwongezea mdogo wake vifungo, maneno yakafika kwa mratibu, mratibu akazuia fedha mpaka ukweli ujulikane. Wiki haijaisha, Mama Vifungo akafariki. Na mwenye chumba cha Mlango, kodi hajaiona, anataka chumba chake. Ndani wamo wanawake na watoto wao. Leo pia wamo.

Nilikwenda msibani. Binti yake alinivuta chumba cha kushonea, akanionyesha aproni ya mama yake ikining'inia kwenye msumari.

"Dada, tia mkono mfukoni."

Nikatia. Vifungo vya bluu. Vyote vina uzi mwekundu.

"Mama hakuweka," akasema. "Mama alitoa. Mama mdogo na wenzake walijipigia. Mama akavitoa, akahesabu vya watu wengine tu. Walishinda kwa vya watu wengine."

Sikumkubalia mara moja. Nikamwambia, labda ni vya madobi ambao hawakufika siku ile.

"Madobi wote walifika. Si uliwahoji mwenyewe pale mlangoni, na mmoja akakung'ang'ania umtaje shemeji yake redioni?"

Ni kweli. Nilimtaja.

Hata hivyo, wasikilizaji wapendwa, moyo wangu haujatulia, na siwafichi. Kama vilitoka kwenye kopo la beseni, basi madobi walitakiwa kutolewa, na fundi alijua, akanyamaza kwa ajili ya mdogo wake. Kina mama wa Mlango wana haki ya kumkasirikia kwa hilo. Lakini aliyeficha aibu ya mdogo wake na aliyeiba kura ni watu wawili. Mtaani anaitwa yule wa pili.

Anayejua yupo. Ni mama mdogo, mkubwa wa madobi. Nilimkuta uani akisuza vikombe vya wageni. Binti akachuchumaa mbele yake. "Mama mdogo, kwenye kopo lenu mlitia vifungo vyenu wenyewe?" Mama mdogo akasuza kikombe. Akakigeuza, akakisuza tena kilekile. Akasema maji yamekwisha, akaondoka na ndoo. Ndoo ilikuwa na maji nusu.

Kwa familia, poleni. Binti, pole sana. Mama yako alitushonea wengi, na mimi nguo niliyovaa hapa ni ya mkono wake. Nanyi mnaonisikiliza, mkikaa tena kugawana kilicho chenu, fungueni makopo mbele ya wote. Msimwachie mtu mmoja stoo na mlango umefungwa, hata awe mwema vipi. Tulimwachia huyu, na sasa hana shahidi wa kumsemea.

Binti ameniomba nisome maneno yake, nami nayasoma kama alivyoyasema. "Mama mdogo, ukisema, hela itakwenda kwa Mlango, najua. Usiposema, mama amelala huko anaitwa mwizi. Piga simu. Sema tu."

Simu ya studio iko mbele yangu tangu tulipoanza. Mama mdogo, najua redio yako huwa haizimwi ukifua.

Tunasubiri.

Bado haijalia.