Stoep ya Tannie

Sogeeni hapa, wajukuu, mzime hizo simu mninyamazie kidogo. Ilikuwa Kensington, kwenye stoep, kibaraza cha saruji mbele ya mlango wa mama mmoja Mwafrikana, mzungu wa huku kusini. Tulimwita Tannie, yaani shangazi kwa lugha yao. Sisi wageni tulikuwa tukikaa mbele ya duka la jirani; tulipofukuzwa pale alitutolea benchi, na kahawa kila Jumamosi. Siku ninayosema alikuwa ameuza nyumba, anahamia kwa binti yake, na mizigo inafungwa. Firmin, fundi cherehani tuliyemwita Sentimita, alimshonea kitambaa cha meza. Ikabaki kudarizi maneno ya shukrani.

— Kwanza tujue stoep ni neno la nani, akasema Gichuki wa benki, tuliyemwita Gavana. Ni la Mholanzi. Mwingereza ana step, ngazi, hayo ni ndugu. New York wanasema stoop.

— Eish, Gavana, na Wasotho wanaosema setupu? akadakia Firmin.

— Walilitoa kwa Mholanzi.

— Au yeye kwao, akasema Firmin. Sikiliza vizuri: setupu. Alikikuta kibaraza kitupu, akakikalia.

— Basi hata New York walijenga Wasotho.

— Wewe ulikuwepo?

— Koko, bibi, mwambie huyu, Gichuki akanigeukia.

— Mimi sikusoma, nikasema. Nilipofika mji huu sina pa kukaa, nilikaa hapa. Mengine mtajua wenyewe.

Masika, msusi aliyetoka Butembo juzijuzi, ndiye tuliyemwomba adarizi. Alikuwa ameshatia uzi kwenye sindano.

— Sharp, sawa. Naandika asante kwa stoep. Halafu jina. Huyu Tannie anaitwa nani?

Kwetu mkubwa haitwi jina, sawa, lakini miaka yote ile hakuna kati yetu aliyewahi kuliuliza hata alijue.

Mlango ukafunguka, akatoka na chupa ya kahawa ya mwisho. Nikainuka.

— Tannie, utusamehe. Jina lako nani?

Akacheka taratibu.

— Magrieta.

Kisha akatumiminia, mmoja mmoja, mimi wa mwisho.

— Firmin, sukari mbili. Gichuki, bila maziwa. Orpha, kaa chini, magoti yako hayo. Mwenye nyumba mpya nimeshamwambia: benchi na watu wake wanabaki.

Kahawa ikaisha hapo.

Kitambaa alikwenda nacho, jina Magrieta limedariziwa kwa uzi mwekundu. Firmin alirithi kulitunza benchi. Gichuki alirithi chupa, na kahawa yake mpaka leo ni maji. Mimi sikupewa kitu mkononi. Lakini huyu mdogo wenu anayesinzia mapajani mwangu, siku mama yake aliponiuliza tumwite nani, nilikuwa na jina.