Bi Unyevu na Vidonge Vilivyogoma Kuvunjika

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka mfamasia tuliyemzika juma lililopita. Kazi yake ilikuwa kuchagua vifungashio vya dawa: chupa ipi, kifuniko kipi, karatasi ipi. Kiwandani walimbandika jina la Bi Unyevu. Hata ukimpa pipi, angeigeuzageuza karatasi yake na kuuliza, "Hii, unyevu haupiti kweli?" Wenzake wakacheka, naye akacheka nao.

Bi Unyevu alikuwa na wifi, mdogo wa mumewe. Alimlea tangu akiwa msichana wa shule, akilala chumba kimoja na binti zake. Akamtafutia kazi palepale kiwandani. Wifi akapanda, akawa mkuu wa manunuzi. Mchana walikula pamoja, siri zao moja.

Kiwanda kilitengeneza vidonge vya kifafa. Adui wa vidonge hivyo ni unyevu. Vikiupata vinakuwa vigumu. Mgonjwa anameza, lakini havivunjiki tumboni, na kifafa kinarudi. Ndiyo maana Bi Unyevu alivichagulia alumini, juu na chini. Alumini, wasikilizaji. Siyo plastiki.

Kisha akachukua likizo kumuuguza mama yake. Siku moja aliingia duka la dawa kununua bandeji, akaona vidonge vyao vimekaa ndani ya plastiki nyembamba. Akanunua pakiti. Nyumbani akatumbukiza kidonge kwenye glasi ya maji. Akapika, akaosha vyombo, akarudi. Kidonge kiko vilevile, kama kokoto.

Akampigia wifi simu.

"Wifi, nani kabadilisha?"

"Aa, wifi yangu, ni mzigo mdogo tu, alumini ilichelewa. Nitaurudisha wote. Niachie mimi."

Akamwachia. Angemshuku vipi mtu ambaye yeye mwenyewe alimsuka nywele za shule?

Mzigo haukurudi. Wagonjwa waliokuwa wamepata nafuu wakaanza kuanguka tena. Seremala mmoja alianguka kazini, akapoteza vidole kwenye msumeno. Mkurugenzi akaitisha kikao; Bi Unyevu, likizo imekwisha, alikuwapo. Wifi akasimama mbele ya wote, macho makavu.

"Wifi ndiye aliyeniambia plastiki inafaa," akasema. "Mimi mnunuzi tu, ningejuaje?"

 Bi Unyevu akafukuzwa kazi.

Binti yake mkubwa anasimulia: "Mama alirudi mchana, akakaa sebuleni na viatu vyake, mkoba begani. Baba alipofika, akamweleza yote. Baba akasema, 'Yaishe, mke wangu. Yule ni damu yangu.' Mama akamuuliza, 'Na mimi ni nani yako?' Baba akatoka nje."

Tangu hapo waliishi nyumba moja wakisalimiana kama wapangaji.

Lakini hakulala na hasira yake. Aliipeleka pakiti ile kwa wakaguzi wa dawa. Wakavipima vidonge, wakaamuru viondolewe madukani kote. Ndipo kiwanda kikamwita arudi.

"Nitarudi," akajibu, "siku wifi atakaposimama ukumbini mlemle na kusema ukweli."

Wifi hakusimama. Bi Unyevu hakurudi. Alifundisha chuoni mpaka maradhi yalipomlaza.

Wifi alikwenda hospitali mara moja, anasema binti. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Nimekuja kukuona."

"Haya," akajibu mgonjwa. "Umeniona."

Wakaagana hivyo.

Pole zetu ziwafikie binti zake, wanafunzi wake, na mumewe. Ziifikie pia nyumba ya wifi yake. Ndiyo, na yeye ni mfiwa.

Nawe uliye hapo ulipo, hebu jiulize. Kama kuna mtu uliyembebesha kosa lako mbele ya watu, usingoje kumnong'oneza kitandani. Nenda kamtue, mbele ya watu walewale, angali anasikia.