Amoni Mwasubila Hakuanguka

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Bulyaga, ndugu zetu Wakristo na Waislamu mliopanda mpaka hapa na baridi hii, mimi ni Tusekile, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, na naomba mnaonong'ona kule kwenye migomba mnyamaze kidogo, maana nitakayosema yanawahusu ninyi kuliko mnavyodhani.

Amoni alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 hapa hapa Bulyaga, mtoto wa pili wa mzee Abrahamu Mwasubila na mama Esnath, ambao wote wametangulia, na mama alikuwa akituambia kwamba mtoto huyu alitembea kabla ya kujua kukaa, maneno ya mama hayo, msiniulize mimi. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, ambako alitolewa nje mara nyingi kwa kuhangaika kwenye dawati, na huko nje ndiko alikojifunzia. Kuku akichinjwa kwa ajili ya wageni, yeye alikimbilia miguu, akivuta ule mshipa mweupe vidole vinajikunja, akiuachia vinafunguka, sote tulicheza hivyo utotoni, ila sisi tulichoka naye hakuchoka, akatufundisha kwamba ndege akilala juu ya tawi hahitaji kujishika, akikunja magoti tu uzito wake wenyewe unavuta mshipa, vidole vinafunga, upepo unavuma na yeye analala zake.

Baada ya shule alichuma chai pamoja na baba, akaendesha baiskeli ya ndizi hadi Kiwira, akajaribu useremala na kuuacha, mpaka mwaka 1994 alipopata kazi iliyomfaa mtu asiyetulia, nayo ni kupanda miti mirefu ya asili pembeni mwa msitu wa Rungwe na kuchuma mbegu kwa ajili ya bustani za miche. Huko Kiwira alikutana na Uwesu, fundi wa kuchomelea, wakatengeneza makucha ya chuma ya kuvaa miguuni, na kwa kuwa kaka alikuwa amesoma miguu ya kuku na njiwa tu, makucha yale yalikuwa na vyuma vitatu mbele na kimoja nyuma. Alipanda hatua chache, akateleza na shina lote mpaka chini, ngozi ya kifua ikabaki mtini, na Uwesu alicheka mpaka akakaa chini. Mguu ule ni wa kukalia tawi, si wa kukwea shina, lakini wao hawakulijua hilo, wakadhani chuma ndicho kibovu.

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na wifi yangu Felista, na wazee mnakumbuka kwamba ibada ilichelewa kwa sababu bwana harusi hakuonekana, akaja kukutwa nyuma ya kanisa na suti yake, shingo ameinua, anamtazama kigong'ota anayepanda mti mkavu. Siku hiyo aliona vidole viwili vimetangulia mbele, viwili vimekaza nyuma, na mkia umeegemezwa kwenye shina kama mguu wa tatu. Jumatatu yake, bibi harusi ameachiwa wageni, bwana yuko Kiwira anachomelea, na makucha yale yenye vyuma viwili mbele, viwili nyuma, na mkanda mpana wa kiunoni wa kuegemea, ndiyo aliyoyavaa hadi mwisho, Uwesu akishika kamba chini kila mara. Mungu aliwajalia watoto wawili, Prisca na Wilson, waliosomeshwa kwa mbegu hizo.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na presha na moyo uliopanuka, madaktari wakamkataza kupanda, Felista akaficha makucha ndani ya pipa la mahindi, kaka akayapata, wifi akayaficha darini, kaka akayapata tena, mwisho wifi akasema heri afe akiwa Amoni kuliko aishi akizungukazunguka uani.

Sasa nasema lile mnalolinong'ona. Sisi Wanyakyusa hatuziki mtu bila kusema waziwazi kilichomwua, maana tukinyamaza watu hutafuta mkono wa mtu, na tangu Jumanne mkono mnaoutaja ni wa Uwesu, kwamba aliachia kamba. Kaka yangu hakuanguka. Tarehe 17 Juni 2025, kama saa nne asubuhi, juu ya mti wa podo, moyo wake ulisimama, hana mfupa uliovunjika, daktari ameandika hivyo na mimi mwenyewe nilimwosha. Alikutwa ameketi kwenye panda ya tawi, magoti ameyakunja, mkanda umekaza, kamba haijalegea. Uwesu alimwita na asiitikiwe, akaifunga kamba kwenye shina, akapanda mikono mitupu mzee wa watu ambaye maisha yake yote hakuwahi kupita tawi la kwanza, akakaa naye kule juu mpaka wachuma chai walipofika kusaidia kumshusha. Inaniuma kwamba mtu huyo tangu asubuhi amesimama kule barabarani, tayari kuondoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wachuma chai, majirani mlioleta kuni na ndizi, na kina mama ambao hawajalala tangu Jumanne, ndaga fijo.

La mwisho, ukoo umekaa leo asubuhi, haikuwa rahisi, wengine walitoka na kurudi, lakini tumekubaliana kwamba jeneza litakaposhushwa, kamba ya upande wa kichwani hataishika mwana wa ukoo. Kaka Uwesu, karibu mbele, mshushe rafiki yako, umezoea uzito wake.

Nawe Amoni, uliyetuhangaisha miaka hamsini na saba, tua sasa, kunja magoti yako, hutaanguka, upumzike kwa amani.