Njia Tatu za Futi

Benchi letu ni ubao wa kitanda kilichovunjika juu ya matofali sita, na limekaa kati ya karakana yangu ya baiskeli na chumba cha cherehani cha Futi. Msimu wa baridi ukiingia tunabanana hapo asubuhi kama kuku kwenye tenga. Tuko wanne. Birika anauza kahawa, ingawa kahawa ni kisingizio tu, anachouza hasa ni maneno. Utingo alizunguka na malori miaka kumi na minane, mingi akiwa amelala juu ya mzigo. Futi ni fundi cherehani, na futi yake ya kupimia haitoki shingoni hata akienda ibadani. Mimi ni Spoki, ninaunga baiskeli za watu. Kikombe hukipokea kwa mkono wa kulia, kwa sababu wangu wa kushoto ni mfupi kwa upana wa vidole viwili na baridi ikikaza haukunjuki vizuri. Nitasema mapema ili nisije nikajificha mbele ya safari: Alhamisi ninayoisimulia nilitoka kusali moja kwa moja, nikaja kukaa benchini na uongo wangu mdomoni.

Futi alifika na kipande cha bitana nyeusi, akakitandaza juu ya mapaja yetu. Kwa chaki ya cherehani alikuwa amechora njia tatu za kwenda kwa dada yake, aliyeolewa kule barabara inakokwisha: ya bwawani, ya mlimani na ya tambarare. Binti yake Futi alikuwa amemletea baiskeli ya safari, gia ishirini na moja, mnyororo mwembamba kama mkufu. Futi alitaka kuondoka Jumamosi. Jumatatu inayofuata sare za shule zinaanza kuingia, na sare zikishaingia Futi hanyanyui kichwa mpaka joto lirudi. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi hiyo au mwaka kesho, na yeye anakaribia sitini.

Sheria ya benchi ni moja. Mwenye jambo husikiliza kila mtu bila kumjibu, kisha anaamua kabla kahawa haijaisha. Akishaamua, hakuna kurudi nyuma.

Utingo aliuliza umbali. Futi akasoma vipimo vyake, na kila njia ilionekana ndefu kuliko inavyojulikana. Tulipombana, akakiri kwamba alipima kwenye ramani ya shule kwa futi yake, na kila kipande akakiongezea vidole viwili huku na viwili huku.

— Nafasi ya mshono, alisema. Usipoiacha, kitu kinapasuka.

Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Kicheko changu hakikuwa safi.

Wivu, ndugu zangu, hauji umevaa jina lake. Kwangu ulikuja kama uchungu wa haki. Mimi na Futi tuliianza safari hii hii tukiwa vijana, wawili kwa baiskeli moja, yeye mbele mimi nyuma. Kona ya tatu ya mlima tukaanguka. Mkono wangu ukavunjika, ukaungwa na mtu aliyekuwa na haraka. Futi alinibeba mgongoni mpaka nyumbani. Tukaahidiana kwamba tutaimaliza. Sasa anaondoka peke yake, kwa baiskeli ya gia ishirini na moja, na hajaniambia hata twende. Binti yangu mimi hunipigia simu kila jioni kuniuliza kama nimekula. Nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa hilo, mpaka nilipoiona ile baiskeli.

Futi aliniletea baiskeli hiyo niiunge. Niliimaliza Jumatatu, nikaijaribu mpaka kwenye kibanda cha maji na kurudi, nikaona jinsi inavyokwenda, kama lami imepakwa mafuta. Nikaifunika gunia. Nikamwambia Futi gololi za gurudumu la nyuma hazijafika. Jumanne nikamwambia hivyo tena, na Jumatano.

Birika alimimina mzunguko wa kwanza, Utingo akapewa nafasi ya kusema. Aliikataa njia ya bwawani kwa sababu ya ukungu. Ukungu wa kule, alisema, una uzito. Kuna asubuhi lori lao lilipita mizani likiwa tupu kabisa, na bado likakutwa limezidisha tani moja.

— Ulikuwa ukungu mtupu, alisema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wewe ulikuwa macho siku hiyo? Birika akamuuliza.

— Nilikuwa nimefumba macho nikisikiliza.

Birika naye hakutaka kupitwa. Akasema hatari yenyewe ni tambarare. Upepo wa kule humgeuza mtu polepole bila yeye kujua, akadhani anaendelea mbele kumbe anarudi. Shemeji yake alikanyaga pedali siku nne, akafika kwenye nyumba moja, akabisha hodi, akamwomba mama mwenye nyumba maji ya kunywa. Alikuwa mkewe.

— Akampa? Utingo aliuliza.

— Akamwambia kwanza akachote. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Futi alinigeukia mimi. Na hapa ndipo ninapoona haya kuandika, maana benchini ni mimi peke yangu niliyekuwa na jibu la kweli. Mimi sijasafiri, lakini baiskeli za wasafiri zote hupita mikononi mwangu. Zinazotoka mlimani msimu huu huja na raba za breki zilizoungua. Zinazotoka bwawani huja na minyororo myekundu kwa kutu. Zinazotoka tambarare huja na vumbi tu, na wenyewe wanapiga miluzi, kwa sababu miezi ya baridi upepo wa kule huvuma kuelekea huko huko anakokwenda Futi. Ningesema hayo kwa pumzi moja.

— Mlimani, nilisema. Ni karibu.

Nilitaka afike kona ya tatu, aitazame, arudi. Sikutaka aumie, Mungu ananijua. Nilitaka arudi tu, akae hapa kama mimi.

Futi aliivuta bitana karibu. Akatoa chaki, akaanza kuukoleza mstari wa mlimani. Birika alitikisa birika lake. Kilichobaki kilikuwa kikombe kimoja, na zamu ilikuwa yangu.

Wakati huo akaja mwalimu mgeni wa shule ya jirani, amefuata sketi yake. Futi alimwomba radhi, akamwambia aichukue mwenyewe ndani, iko kwenye kamba. Mwalimu alitoka na sketi, na mkononi ana makoti mawili ya baridi, ya kitambaa kile kile kisichopitisha maji, mapya.

— Samahani, fundi, alisema. Haya yalikuwa yameanguka. Lakini hili la pili, mbona mkono mmoja mfupi?

Alilinyanyua ili tuone. Mkono wa kushoto ulikuwa umepungua kwa vidole viwili. Utingo alisema labda kitambaa kiliisha. Birika akasema hata mkono mtupu haulambwi, na hakuna aliyemuuliza maana yake. Futi hajawahi kukosea mkono tangu nimjue. Aliinamia chaki yake kana kwamba hakusikia, na masikio yake yalikuwa mekundu kwa baridi au kwa jambo jingine.

Mwalimu alilikunja lile koti vizuri na kuliweka kwenye ncha ya benchi, upande wangu.

Kikombe changu kilikuwa mkononi, na kahawa ilikuwa inapoa. Nilikumbuka kwamba wiki nzima, kila Futi alipoanza kuizungumzia safari, mimi ndiye niliyemkatiza na habari za gololi.

— Futi, nilisema, futa huo mstari. Pita tambarare. Upepo utakuwa mgongoni njia nzima.

Utingo na Birika walinigeukia kwa pamoja.

— Na baiskeli yako haina ubaya wowote, niliendelea. Iko tayari tangu Jumatatu, chini ya gunia. Hakukuwa na gololi niliyoingoja. Nilikuonea wivu.

Hakunitukana. Heri angenitukana, ningelala vizuri zaidi. Alilowesha kidole kwa mate, akaufuta mlima taratibu mpaka bitana ikarudi kuwa nyeusi, kisha akazungusha futi shingoni.

— Na yako je? aliniuliza.

Tuligeuka wote kuitazama karakana. Baiskeli yangu inaning'inia ukutani hapo tangu mvua za mwaka juzi, haina mnyororo, haina tairi la nyuma, na kwenye tandiko mjusi amefanya nyumba. Birika aligeuza birika lake kichwa chini, halikutoa hata tone.

Nilivaa koti. Mkono ulinikaa sawasawa. Nikaenda kutafuta spana.