Msiba wa Nyumba Namba Kumi na Nne

Benchi letu liko kona ya Mtaa wa Larkmoor, kando ya masanduku ya barua ya mtaa mzima, huku pembezoni mwa mji wa Macon ambako kelele kubwa ya wiki ni mashine ya kukatia majani. Wajumbe ni wanne. Kuna Shemasi, mwenye chupa ya kahawa, ambaye hajasema uongo tangu mwaka 1981 na ule wa mwisho anaukumbuka. Kuna Kocha, aliyefundisha mpira shule ya sekondari miaka thelathini, akashinda mechi kama nane hivi, lakini methali anazo za kumaliza ligi. Kuna Bi Verlene, mjane, mkuu wa maua na rambirambi kanisani, anayekuja na mto wake wa kukalia kwa sababu anasema benchi halina adabu. Na mimi, Posta, niliyeleta barua mtaa huu miaka ishirini na miwili, kisha nikastaafu na sasa naziangalia zikija. Kahawa ikiisha kikao kimefungwa, hata kama mtu yuko katikati ya neno. Jumamosi hiyo ya mwezi wa tano ajenda ilikuwa moja: kujua, kabla ya saa sita mchana, ni nani aliyekufa kwenye nyumba namba kumi na nne.

Shemasi: Jana nimeongea na Bwana Tolliver, mwenye nyumba. Ni kweli mpangaji kaandika barua. Anahama mwisho wa mwezi.

Kocha: Si tumeona kibao cha INAPANGISHWA. Kimekaa upande.

Shemasi: Nikamwambia, huyu mtu yuko msibani, haifai kumwacha ahame na uchungu kifuani. Akasema sawa, atampigia amwombe abaki. Ila anataka kujua anampa pole ya nani. Na leo saa sita kuna watu wanakuja kuiangalia nyumba. Wakiipenda, basi tena.

Bi Verlene: Ukamwambia kafa nani?

Shemasi: Nikamwambia nitampigia.

Nyumba ya Bi Verlene inatazamana na namba kumi na nne. Mumewe, Cleophus, alifariki miaka miwili iliyopita, na nyumba ile ya kupanga ilikuwa tupu wakati huo, ikakaa tupu mwaka mzima na zaidi. Aliwahi kuniambia kwamba jioni alikuwa anavuta pazia ili asiione ikiwa giza. Alipokuja huyu mpangaji, taa ikaanza kuwaka jikoni saa moja kila siku, naye akaacha kuvuta pazia. Hata kwa jina alikuwa hamjui, lakini hakutaka ahame, na sisi wengine hatukutaka Bi Verlene arudi kwenye pazia.

Hapa nieleze msiba ulivyoanza, maana wa kwanza kuuona ni mimi. Mtaa wetu kila mlango una shada. Pasaka shada la Pasaka, maboga yakija shada la maboga. Mlango bila shada ni kama mtu katoka bila suruali, watu hawasemi kitu ila wanaona. Namba kumi na nne ilikaa na mlango mtupu miezi minane. Jumapili ya wiki hiyo, natoka kanisani, nikaona shada: majani ya magnolia, na utepe mweusi. Kwetu utepe mweusi mlangoni una maana moja. Nikampigia Bi Verlene. Kufika jioni mpangaji alikuwa na makaroni na jibini vyombo vitatu, kuku wa kukaanga, sukuma iliyochemshwa na shingo ya bata mzinga, keki ya siagi, pai ya pichi, na mayai ya kujaza ambayo Kocha anasema aliyapika yeye.

Na mfiwa haulizwi nani kafa. Unabisha hodi, unamkabidhi chombo kingali cha moto, unasema "tuko pamoja nawe," unaondoka kabla hajalia. Chini ya chombo unabandika selotepu yenye jina lako ili kijue njia ya kurudi. Na chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hayo hatukufundishwa shuleni. Ndiyo maana vyombo kumi na kimoja vilikuwa vimeingia nyumba ile, na hakuna aliyekuwa na jina la marehemu.

Kocha: Ni mama yake. Nimemwona Jumanne anakata majani amevaa mikono mirefu.

Mimi: Sasa mikono mirefu na mama vinahusiana vipi?

Kocha: Ndiyo ujue kuwa hukufiwa na mama.

Mimi: Nilifiwa na mama, na wewe ulibeba jeneza.

Kocha: Ulivaa mikono gani?

Mimi: Mirefu.

Kocha: Haya.

Shemasi: Wewe Posta si ungechungulia sanduku lake la barua, tukapata hata jina la ukoo.

Mimi: Sanduku la mtu halichunguliwi. Ni kosa kisheria. Nilichungulia. Barua zote zimeandikwa "Kwa Mkaazi wa Sasa."

Kocha: Asiyekuwepo na lake halipo.

Bi Verlene: Hiyo inaingiaje hapa, Kocha?

Kocha: Marehemu hayupo, kwa hiyo na jina lake halipo. Methali haijakosea, mmekosea nyinyi kuuliza.

Shemasi: Yeye alisema nini mlipompa chakula? Tuanzie hapo.

Kocha: Aliniambia asante. Halafu akanishika bega, akasema, "Na wewe pia jipe moyo, mzee."

Shemasi: Mfiwa ndiye akakufariji wewe?

Kocha: Kalelewa vizuri. Ndiyo maana nasema ni mama.

Bi Verlene: Mimi aliniambia, "Pole sana, mama." Macho yake yamejaa machozi. Mtu kafiwa, ananipa pole mimi. Nilifika nyumbani nikakaa jikoni, nikashindwa hata kuvua kofia.

Shemasi: Mimi nilifikiria pengine ni mbwa.

Kocha: Utepe mweusi kwa mbwa?

Shemasi: Dada Eulalie wa kanisani alimzika kasuku wake na kwaya mbili. Nilisimamia mimi. Yule kasuku alikuwa mtu.

Mimi: Mbwa wa nani? Miezi minane sijasikia mbwa anabweka pale.

Shemasi: Basi ndiyo amekufa.

Kocha: Acheni utoto. Mimi nimelala nalo hili jambo, na nimeamka nalo. Aliyekufa ni pacha wake.

Bi Verlene: Pacha ametoka wapi?

Kocha: Mnakumbuka mwezi wa pili alikuwa na ndevu, wa tatu hana, wa nne anazo? Mnadhani ni mtu mmoja yule? Walikuwa wanapokezana. Wamepanga kwa mkataba wa mmoja, wanaishi wawili. Sasa mmoja kaondoka, na huyu aliyebaki hawezi kumzika kwa sababu kwenye karatasi hayupo.

Mimi: Kocha, hiyo kamba.

Kocha: Mficha maradhi, kifo humfichua. Yeye kaficha kifo. Sasa kitamfichua nini? Maradhi. Mtaona, wiki ijayo ataanza kukohoa.

Shemasi: Au iwe nyumba yenyewe. Aliyepanga kabla yake alifiwa na shangazi. Wa kabla ya huyo alifiwa na mjomba kule Savannah. Kila anayepanga pale anafiwa.

Kocha: Hicho kitakuwa ni kipengele kwenye mkataba. Wapangaji husoma mpaka kipengele cha kumi tu, cha wanyama wa kufugwa. Mambo yako kule chini.

Mimi: Kwa hiyo kwa Tolliver, kifo kimo ndani ya kodi.

Kocha: Na maji.

Bi Verlene: Saa moja na nusu nzima mnaongea upuuzi.

Kocha: Basi nimalizie. Aliyekufa ni yeye mwenyewe.

Shemasi: Jana alikuwa anamwagilia maua.

Kocha: Kimakaratasi. Binamu yangu aliandikiwa barua na ofisi moja kwamba ni marehemu. Akaenda kukana, wakamwambia sawa, lete cheti cha kifo tukifute. Ilibidi ajitafutie. Nawaambia, huyu katangazwa kafa, amekubali, kaweka shada, na sasa anahama kwa sababu marehemu hawezi kupanga nyumba.

Shemasi alimimina kahawa taratibu. Akasema hawezi kumpigia Bwana Tolliver simu na kumwambia hivyo. Kocha akasema yuko tayari kupiga yeye.

Saa tano na nusu tukasikia gurudumu linalia. Mpangaji alikuwa anakuja na toroli la bustanini, limejaa vyombo vilivyooshwa vikang'aa. Mtu mrefu, mwembamba, safari hii ndevu anazo. Amevaa koti jeusi la suti, na jua la Macon wakati huo halina huruma na mtu. Kocha alinikanyaga mguu, kana kwamba nilikuwa sijaona.

Mpangaji: Habari za asubuhi. Nimesoma majina chini, nadhani nimepata kila kimoja na mwenyewe. Kocha ni nani?

Kocha akapokea sahani yake ya mayai. Ndani kulikuwa na biskuti za mdalasini, zimefunikwa vizuri. Kila chombo kilikuwa nazo.

Bi Verlene: Nani kakufundisha kutokurudisha chombo kitupu?

Mpangaji: Bibi yangu, kule Minnesota. Alisema chombo kitupu kinamwaibisha mwenye chombo na aliyekula.

Bi Verlene: Bibi yako alikuwa mtu wa maana.

Kwenye toroli kilibaki chombo kimoja kikubwa cha kuokea, kimefungwa taulo, mvuke unatoka pembeni.

Mpangaji: Hiki ni changu. Wali mweusi wa kwetu, na kuku, na uyoga. Nimewapikia wafiwa. Samahani, nimezunguka mtaa mara mbili na sikutaka kumsumbua mtu. Nikipeleke nyumba ipi?

Shemasi aliangalia kikombe chake. Kocha akaanza kuhesabu biskuti zake.

Mimi: Wafiwa gani?

Mpangaji: Tangu Jumapili kila mtu anabisha mlangoni na chakula, ananiambia tuko pamoja. Nikaelewa mtaa umefiwa, na desturi ya huku ni kulisha mtaa mzima. Niliona si adabu kuuliza ni nani. Mlionekana wote mnamjua. Nikasema nitasubiri siku ya mazishi, koti ninalo.

Shemasi: Na lile shada mlangoni kwako?

Mpangaji: Nililinunua duka la mitumba. Niliona milango yote inalo isipokuwa wangu, nikasema hata hizi wiki za mwisho nifanane na wenzangu. Mkataba unakataza msumari, nimelifunga kwa kamba ya kiatu.

Kocha: Utepe mweusi?

Mpangaji: Mwekundu ulikuwa umeisha.

Kocha alikunywa kahawa yote iliyokuwa kwenye kikombe, na cha kwangu pia.

Bi Verlene: Kwa nini unahama?

Mpangaji: Mtaa ni mzuri, mama. Mtulivu. Ila miezi minane nimepungiwa mikono tu, kwenye magari, kwenye vibaraza. Mtu akipungiwa mkono muda mrefu hivyo anaanza kuona anaagwa. Basi nikaandika barua. Ilikuwa kabla ya Jumapili. Tangu Jumapili nimejuta, lakini watu wako msibani, nitaanzaje kuwaletea habari za nyumba?

Mimi mkono huo nilimpungia kila siku. Nilijiona jirani mwema. Nilitamani sanduku la barua lifunguke niingie.

Mpangaji: Kwa hiyo nikipeleke wapi? Kinapoa.

Bi Verlene aliinuka kwenye mto wake. Akakinyanyua chombo kama anayepima uzito, akakiinamisha kidogo, akasoma chini. Selotepu ilikuwepo, imeandikwa kwa herufi kubwa.

Bi Verlene: Lowell Amdahl.

Mpangaji: Ndiye mimi.

Bi Verlene: Lowell, kipeleke kwangu. Ile nyumba ya mlango wa buluu, mkabala na yako. Mimi nilifiwa.

Lowell: Pole sana, mama. Lini?

Bi Verlene: Ina miaka miwili. Umechelewa kidogo, lakini chakula cha msiba hakikataliwi.

Shemasi alikuwa ameshatoa simu, akamuuliza Lowell kama anabaki, naye akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Tulimsikia akimwambia Bwana Tolliver kwamba mpangaji anabaki, barua ile aichane, na watu wake awageuzie njiani. Halafu akafunika simu kwa kiganja.

Shemasi: Anauliza marehemu ni nani, ampe pole ipasavyo.

Kocha alifungua mdomo. Bi Verlene akamtazama, naye Kocha akaufunga.

Bi Verlene: Cleophus. Mwambie ni Cleophus. Mwambie alikuwa mtu mwema, na kwamba bado namlilia.

Shemasi akasema hivyo hivyo, neno kwa neno, na haukuwa uongo. Kisha akamimina kahawa iliyobaki, kikombe kimoja tu, akampa Lowell. Chupa ikaisha, kikao kikafungwa.

Hayo ni ya mwaka jana. Kibao kiling'olewa siku ile ile, na shada sasa lina utepe wa manjano aliouchagua Bi Verlene. Lakini chombo cha Lowell bado kiko kwa Bi Verlene. Hakirudishwi kitupu, na yeye anasema hajaamua atie nini. Lowell amekiulizia mara mbili, kwa adabu, hapa hapa benchini. Bi Verlene anamwambia asubiri, na mtu hawezi kuhama akaacha chombo chake nyuma.