Mpira wa Maji Dirishani

Baada ya miaka thelathini na tisa ya kupogoa, kupalilia na kuvumilia wakurugenzi tisa, mtunza bustani wetu, ambaye wote tunamwita Mzee Mkasi, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Mhariri wa jarida hili ameniomba mimi, mkutubi mkuu wa zamani, niandike kwa kuwa nilimfahamu kuliko wengine. Ni kweli. Daktari naye amenishauri nisiahirishe jambo lolote, kwa hiyo naandika yote.

Alianza akiwa kibarua wa kufagia majani. Katika miaka mitano, lile jalala nyuma ya jumba la sanaa alikuwa ameligeuza bustani ambayo wageni huipiga picha kabla ya kuingia kutazama picha zetu. Wengine hawaingii kabisa, na siwalaumu.

Cheo cha Mkuu wa Bustani hakukipata. Walioletwa kumsimamia walikuwa wanne, wote na vyeti vyao. Mmoja alimwagilia maua ya plastiki pale mapokezi kwa wiki mbili. Mzee Mkasi alipoulizwa mbona hakumwambia, alijibu, "Bosi alisema yameanza kuchangamka. Mimi nani nimvunje moyo?"

Kilichomnyima cheo ni karatasi moja kwenye faili lake: onyo la maandishi kwa uzembe uliolowesha maktaba. Kila mkurugenzi mpya aliisoma, akafunga faili, akajiona ameshaijua bustani.

Siku ya mkasa huo tulizindua maonyesho ya picha za wakurugenzi waliopita, zote zikitazama mbali, upande usio na kazi. Hotuba ilichukua saa moja na nusu. Mkutubi mkuu, aliyewakataza wasomaji hata chupa ya maji, alikuwa na chungu cha maua dirishani mwake. Asubuhi hiyo aliuvuta mpira wa bustani ukapita dirishani, akauacha ukitiririka chunguni, akaenda kupiga makofi. Mkutubi huyo ni mimi.

Kamati ya uchunguzi ilimaliza kazi kabla chai haijapoa. Mpira ni wa nani? Wa bustani. Basi. Watu wa bustani hawakuitwa vikaoni, waliandikiwa barua. Lakini Mzee Mkasi, aliyeukuta mpira chunguni kwa macho yake, alinisimamisha mlangoni: "Bwana Vitabu, utawaeleza, sivyo?" Nikamjibu, "Nitawaeleza, ndugu yangu." Nilikuwa katibu wa kamati. Niliandika kwamba mzembe ni mtunza bustani, na taarifa yangu ikasifiwa kwa lugha safi.

Yeye, badala ya kununa, alivikausha vitabu mia mbili na kumi na viwili kama anavyokausha maua ya kumbukumbu: magazeti katikati ya kurasa, mbao na matofali juu, magazeti mapya asubuhi, mchana na jioni, kwa wiki tatu. Tulipoteza vinne tu. Mkurugenzi alipewa ngao kwa uokoaji huo. Hotuba yake ya shukrani niliandika mimi.

Mzee Mkasi hakuniuliza tena. Ila kila Jumatatu, kwa miaka kumi na saba hadi nilipostaafu, alikuja kukimwagilia chungu changu. Kwa kikombe.

Ijumaa taasisi itampa saa ya ukutani mtu ambaye hajawahi kuchelewa. Nimemwandikia mkurugenzi barua yenye sahihi yangu: onyo litoke kwenye faili, na cheti cha kuagwa kiandikwe Mkuu wa Bustani. Ofisi ikitaka kuyapunguza makala haya eti nafasi haitoshi, isijisumbue. Nakala imebandikwa tangu jana kwenye mlango wa banda la zana, mahali pekee hapa ambapo watu husoma hadi mwisho.

Mzee Mkasi, asante kwa vivuli, kwa maua na kwa vitabu. Uishi kwa raha na mkeo na wajukuu, katika bustani isiyo na kamati. Uliniuliza kama nitawaeleza. Nimewaeleza.